Maneno ya Mlimani: Uhakiki wa Istilahi za Mbio Ndefu za Vijia

Utangulizi

Miongoni mwa michezo iliyoenea upesi katika miaka ya karibuni ni mbio za masafa makubwa zinazokimbiwa, si uwanjani wala barabarani, bali katika njia za miguu, milimani na misituni. Mkimbiaji wa mbio hizi huenda kilomita 50, 100, 160 na zaidi. Huanza safari mchana akakutwa na usiku, na pengine huuona usiku wa pili kabla hajafika. Historia ya mchezo huu si ndefu. Mwaka 1974 Mmarekani Gordy Ainsleigh, ambaye farasi wake alichechemea mwaka uliotangulia, alijiunga kwa miguu yake mwenyewe na mashindano ya farasi ya maili 100 katika milima ya California, akamaliza kwa muda usiotimia siku moja. Kutokana na tendo hilo yalizaliwa mashindano ya Western States. Huko Ufaransa, mji wa Chamonix ulianzisha mwaka 2003 mbio za kuuzunguka mlima wa Mont Blanc, mwendo wa kilomita 170 hivi kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi. Kwa upande wa barabara Afrika ilitangulia, kwani mbio za Comrades za Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, zilianza mwaka 1921. Nasi hatukubaki nyuma kabisa: mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy aliupanda mlima Kilimanjaro na kushuka, pasipo kusaidiwa na mtu, kwa muda wa saa 9 na dakika 21.

Mchezo ukivuka mpaka, maneno yake huvuka nao. Hivi karibuni tulipata nafasi ya kusoma masharti ya mashindano fulani ya aina hii, yaliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya waongoza njia, wapagazi, wauguzi na vijana wa vituoni. Hatutayataja mashindano hayo wala mfasiri wake, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha si yake peke yake; mengi yamo magazetini na redioni kila juma. Tena mfasiri huyo anastahili pongezi, maana alikataa kuwaachia watu wa vituoni karatasi ya lugha wasiyoielewa. Hata hivyo, kazi ikishatolewa kwa umma ni halali kuipima.

Kwa kawaida istilahi hupimwa kwa ufupi wake, uwazi wake, na uwezo wake wa kunyambulika. Vigezo hivyo twavikubali. Lakini istilahi za mbio hizi zina kigezo cha nne, nacho ndicho tutakachokishika katika makala haya: je, mtu atakayelisikia neno usiku wa manane, katika mvua, kupitia simu ya upepo, kutoka kinywani mwa mwenzake aliyechoka, atatenda lipasalo? Neno likimfanya akae kitako pale alipopaswa kuinuka, neno hilo ni baya hata kama ni zuri kamusini.

Jina la mchezo

Karatasi tunayoihakiki inauita mchezo huu kwa majina manne katika kurasa chache: "marathoni kubwa", "mbio za masafa marefu", "mbio za nyika" na "mbio za njia". Wingi huo wa majina ni kasoro ya kwanza, maana istilahi yapasa kuwa na kitu kimoja na kitu kuwa na istilahi moja. Lakini hata tukiyachukua moja moja, hakuna linalotosha.

"Masafa marefu" lina mwenyewe tayari. Suleiman Nyambui alipopata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alikuwa mkimbiaji wa masafa marefu, na hakuna aliyetatizika. Tukilitumia jina hilo hilo kwa kilomita 170 tutakuwa tumeweka katika chungu kimoja kazi ya robo saa na kazi ya siku mbili. "Mbio za nyika" nazo zimekwisha kupata maana yake thabiti. Ndizo alizoshinda Mkenya John Ngugi mara tano katika mashindano ya dunia kati ya mwaka 1986 na 1992, nazo huzungushwa katika uwanja wa majani kwa kilomita chache. "Mbio za njia" halina mipaka, kwa sababu katika Kiswahili barabara ya lami nayo ni njia, tena ndiyo tunayoiita njia kuu.

Limebaki "marathoni kubwa". Hapa kosa si la mfasiri bali ni letu sote. Marathoni ni umbali maalumu wa kilomita 42.195, uliotumika katika michezo ya London mwaka 1908 na kuwekwa rasmi mwaka 1921. Siku hizi, katika miji yetu, kila mkusanyiko wa watu wanaokimbia asubuhi ya Jumapili huitwa marathoni, hata kama ni wa kilomita tano. Neno lililopoteza kipimo chake haliwezi kuongezewa kivumishi likakirudisha. Atakayesikia "marathoni kubwa" hana njia ya kujua kama ni kubwa kwa umbali, kwa wingi wa watu, au kwa zawadi.

Pendekezo letu ni kutenganisha mambo mawili, umbali na ardhi. Kwa umbali, tukubali tohozi ultramarathoni, yaani mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195. Tunajua kuwa wapo watakaosema neno ni refu na la kigeni. Lakini marathoni imekwisha kuwa ya kwetu, na kuikubali ndugu yake ni njia mojawapo ya kuirudishia marathoni yenyewe mpaka wake. Kwa ardhi, tunao tayari mfululizo wa mbio za uwanjani, mbio za barabarani na mbio za nyika. Tuuongezee mbio za vijia. Kijia ni njia nyembamba ya miguu, na umbo lake ni la kawaida kabisa katika lugha: kama vile nyumba huzaa kijumba, njia huzaa kijia. Mkulima wa mlimani hahitaji kufundishwa neno hilo, kwa kuwa ndimo apitamo kwenda shambani.

Wapo pia wanaohoji neno mbio lenyewe, kwa hoja kwamba katika mashindano haya watu wengi hutembea miinuko yote, na wa nyuma hutembea karibu safari nzima. Hoja hii haina nguvu katika Kiswahili. Sisi tuna Mbio za Mwenge, ambazo huzunguka nchi nzima kwa majuma mengi, kwa miguu na kwa magari, na bado twasema Mwenge umekimbizwa. Maana ya mbio katika matumizi hayo si kasi. Ni safari ya pamoja yenye mwanzo, vituo na mwisho. Hiyo ndiyo maana hasa ya mbio za vijia, na lugha yetu ilikuwa nayo kabla mchezo haujafika.

Urefu na kupanda

Karatasi yetu inasema, kwa mfano wa mbio za Mont Blanc, kwamba zina "mwinuko wa mita 10,000". Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote Afrika, una mita 5,895. Msomaji makini atajiuliza Wafaransa wameupata wapi mlima unaokaribia mara mbili ya huo. Ukweli ni kwamba mahali pa juu kabisa katika njia ile hapafiki hata nusu ya kimo cha Kilimanjaro. Mita 10,000 ni hesabu ya kila kipande cha kupanda kilichojumlishwa na kingine, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila kutoa materemko. Mwinuko ni sifa ya mahali. Kupanda ni kazi ya mtu. Kuyachanganya ni sawa na kuchanganya kina cha kisima na jumla ya maji yaliyotekwa. Tunapendekeza jumla ya kupanda kwa hesabu hiyo, na neno mwinuko libaki kwa kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari.

Tofauti hii ina uzito katika sura ya mazoezi. Karatasi inamshauri mwanagenzi akimbie kilomita kadhaa kila juma, kana kwamba kilomita ya mlimani na ya barabarani ni pacha. Wanaoujua mchezo huongeza kilomita moja kwa kila mita 100 za kupanda, hata kilomita 170 za Mont Blanc zikahesabiwa kuwa 270. Wengine huacha kilomita kabisa wakahesabu muda ambao mtu yuko miguuni. Wazo hilo si geni kwetu. Wazee hawakuuliza kilomita. Waliuliza ni mwendo wa siku ngapi, na jibu lilikuwa limekwisha kuzihesabu milima na mito.

Vile vile karatasi inataja "mazoezi ya kupanda" pekee, ikanyamaza kuhusu kuteremka. Anayeshuka mlima hutumia misuli ya mapaja kama breki, na misuli hiyo huumia katika kujizuia kuliko katika kujisukuma. Wengi huacha mbio hizi kwa sababu miguu haikubali tena kushuka, ilhali pumzi wanayo. Tukumbuke kuwa zoezi latokana na zoea: makusudi ya mazoezi si kuuchosha mwili bali kuuzoeza. Mapaja huzoezwa kuteremka, tumbo huzoezwa kupokea chakula katikati ya mwendo, na macho huzoezwa kusoma njia kwa taa ya kichwani. Mfasiri aliyeandika "jichoshe mara tatu kwa juma" amelipoteza neno lililokuwa na somo zima ndani yake.

Saa na ukomo

Katika mbio hizi kila kituo kina muda wake wa mwisho, na atakayefika baada ya muda huo haruhusiwi kuendelea. Karatasi inasema mtu huyo "atakatwa". Twajua mshahara hukatwa, na jina la mgombea hukatwa, na mti pia hukatwa. Mkimbiaji aliyekatwa kilomita ya 80, usiku, katika msitu, ni habari inayostahili kupelekwa polisi. Neno ukomo latosha. Limo katika lugha ya sheria na ya ofisi, nalo latoka katika kitenzi koma ambacho hakina utata: ukomo wa kituo cha tatu, ukomo wa mbio, mkimbiaji amepitwa na ukomo.

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika neno dogo saa. Katika Kiswahili, saa ni kipimo cha muda na pia ni jina la wakati. Mbio za Comrades kwa miaka mingi zilianza saa 11 na nusu alfajiri, na muda unaoruhusiwa ni wa saa 12. Hivyo mlango ulifungwa saa 11 na nusu jioni. Mtu akiandika "Ukomo ni saa 12", kama karatasi yetu ilivyozoea kuandika, msomaji atafahamu saa 12 jioni, na atajihesabia nusu saa ambayo hana. Wanaoyajua mashindano hayo wanajua uzito wa dakika zile: mtu mmoja husimama mstarini akiwa amewapa mgongo wakimbiaji, asimwone anayekuja, akafyatua bunduki, na anayefika baada ya mlio hahesabiwi kuwa amemaliza. Kwa hiyo sharti liandikwe kwa namna mbili kila mara: muda wa saa 12 kwa kipimo, na saa 11 na nusu jioni kwa wakati. Tena hesabu iwe ya Kiswahili, inayoanza jua linapochomoza. Kuandika "saa 18:00" katika karatasi ya Kiswahili ni kumwachia kijana wa kituoni kazi ya kufasiri ambayo mfasiri alilipwa aifanye.

Kituo na watu wake

Mahali pa kula, kunywa na kuandikishwa njiani pameitwa "kituo cha msaada". Msaada katika masikio ya leo ni wa mafuriko na njaa. Mkimbiaji mwenye afya atasita kuingia, na mgeni atadhani kuna maafa. Wengine husema "kituo cha maji", kama katika mbio za barabarani, lakini hapa pana zaidi ya maji. Kwa maoni yetu neno kituo lenyewe limebeba karibu maana yote. Latokana na tua, yaani kuweka mzigo chini, na ndivyo wapagazi wa misafara ya kwenda Ujiji walivyolielewa. Pale ambapo ufafanuzi unahitajika, tuseme kituo cha masurufu, maana masurufu ni mahitaji ya msafiri, hata kama maofisini siku hizi neno limebanwa likawa fedha ya safari tu. Palipo na daktari paitwe kituo cha tiba, ili mtu anayemkokota mgonjwa asipite mahali penye daktari akitafuta mahali penye uji.

Kanuni nyingi za mbio za vijia humtaka mkimbiaji ajichukulie vitu vyake kati ya kituo na kituo. Karatasi imeiita hali hii "nusu kujitegemea". Kwa msomaji wa Tanzania kujitegemea ni neno lililokunjuliwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na halina nusu. Afadhali kusema kwa uwazi kwamba mkimbiaji hujitegemea kati ya vituo. Maneno manne yaliyo wazi hushinda mawili yenye kutatanisha.

Katika baadhi ya mashindano, Western States yakiwa mojawapo, mkimbiaji huruhusiwa katika sehemu za mwisho kufuatana na mwenzake asiyeshindana, ambaye kazi yake ni kumwangalia, kumsemesha na kumzuia asipotee. Karatasi imemwita "mpimakasi", jina linalomfaa yule anayeongoza mbio za uwanjani ili rekodi ivunjwe. Huyu wa mlimani hapimi kasi ya mtu. Kiswahili kina desturi kamili ya jambo hili: mgeni akiondoka husindikizwa, na msindikizaji huenda naye sehemu tu ya njia. Tunapendekeza msindikizaji. Tunafahamu kuwa waandishi wa kandanda wamelidhalilisha neno hilo kwa kuziita timu dhaifu "wasindikizaji wa ligi". Hiyo si sababu ya kulitupa. Ni sababu ya kulirudishia heshima yake.

Lazima na muhimu

Sasa tumefika mahali ambapo lugha hugusa uhai. Tarehe 22 Mei 2021, karibu na mji wa Baiyin katika jimbo la Gansu, China, watu 172 walianza mbio za vijia za kilomita 100. Walipokuwa sehemu ya juu ya njia walipigwa na mvua ya barafu na upepo mkali, na joto likashuka ghafla. Watu 21 walikufa, na miongoni mwao alikuwamo Liang Jing, mmoja wa mabingwa wakubwa wa China katika mchezo huu. Katika masharti ya siku ile koti la kuzuia upepo lilishauriwa tu, halikulazimishwa.

Tukirudi kwenye karatasi yetu, tunakuta orodha yenye kichwa "Vifaa Muhimu", na ndani yake maneno "yafaa", "inapendekezwa", "ni vizuri" na "usisahau", yamechanganywa pasipo utaratibu. Koti limo, blanketi jepesi la dharura limo, miwani ya jua nayo imo, tena kwa uzito ule ule. Neno muhimu halimlazimishi mtu. Mengi ni muhimu katika maisha na twaishi bila hayo. Lugha yetu ina ngazi zilizo wazi: kuna sharti na lazima, na kuna yafaa. Orodha ziwe mbili, Vifaa vya Lazima na Vifaa Vinavyofaa, na chini ya orodha ya kwanza iandikwe kwamba asiyekuwa navyo haanzi. Mfasiri hana mamlaka ya kuongeza kifaa katika orodha ya waandalizi, lakini anao wajibu wa kuhakikisha kuwa kilicholazimishwa katika lugha ya kwanza hakikugeuka ushauri katika ya pili.

Maneno ya mwili

Kosa zito zaidi limo katika sura ya afya. Kwa hali ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35, karatasi inatumia mara "baridi", mara "ugonjwa wa baridi", mara "mwili kupoa". La kwanza ni hewa, si hali ya mgonjwa. La pili litamfanya mtu afikirie baridi yabisi na maumivu ya viungo. Lakini la tatu ndilo la kuogopwa. Katika Kiswahili, aliyepoa ametulia, ametoka katika homa au ghadhabu, yu nafuu. Mtu anayepoteza joto hutetemeka kwanza. Hali ikizidi kuwa mbaya kutetemeka hukoma, ulimi ukawa mzito, hatua zikayumba. Fikiria kijana wa kituo cha juu akisema katika simu ya upepo, "Alikuwa anatetemeka, sasa amepoa." Aliye chini atashukuru Mungu na kurudi kulala. Hapo ndipo kigezo chetu cha nne kinapoonyesha kazi yake.

Kosa la pili ni la maji. Karatasi ina kifungu kimoja kiitwacho "matatizo ya maji mwilini", chenye dawa moja: "apewe maji mengi." Hali zenyewe ni mbili, na zinapingana. Ya kwanza ni mwili kupungukiwa na maji. Ya pili ni mtu kunywa kupita kiasi kwa saa nyingi hata chumvi ya damu ikazimuliwa. Kichwa humuuma, hutapika, huchanganyikiwa, na huweza kufa. Mwaka 1985 Tim Noakes na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha habari za wanariadha wanne waliopatwa na hali hii ya pili katika mashindano marefu. Tangu hapo ushauri wa "kunywa kabla hujaona kiu" umeachwa na wataalamu wengi, ambao sasa husema mtu afuate kiu yake. Mgonjwa wa hali ya pili akipewa maji mengi, anaongezewa ugonjwa wenyewe. Istilahi moja kwa hali mbili zinazopingana si upungufu wa msamiati tu. Yaweza kumuua mtu.

Tunadhani lugha inatupa utaratibu mzuri hapa kwa vitenzi viwili tu, kuishiwa na kuzidiwa. Mkimbiaji anaweza kuishiwa joto, kuishiwa maji, au kuishiwa nguvu kwa kukosa chakula. Kwa upande wa pili, anaweza kuzidiwa na joto katika jua kali, au kuzidiwa na maji kwa kunywa mno. Faida ya kwanza ni kwamba jina lenyewe huelekeza matendo: aliyeishiwa huongezewa, aliyezidiwa hupunguziwa au huzuiliwa. Faida ya pili ni kwamba kila nyumba ya Mswahili inajua maana ya "mgonjwa amezidiwa", na hakuna alisikiaye akaendelea kukaa. Itapingwa kuwa kuishiwa, likisimama peke yake, ni kukosa fedha. Ni kweli, kwa hiyo lisisimame peke yake kamwe, bali litajwe pamoja na kile kilichoisha.

Kuacha si kushindwa

Mwisho, karatasi inamwita kila asiyefika "aliyeshindwa". Neno hili linaudhi, na pia ni hatari. John Stephen Akhwari aliumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akafika wa mwisho zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na hakuna Mtanzania anayesema Akhwari alishindwa. Tumezoea kuutaja mfano huo kwa kusifu uvumilivu, na ni haki. Lakini aliyeumia goti si sawa na aliyezidiwa na maji. Huyu wa pili akiambiwa kuwa kusimama ni kushindwa, atajikokota hadi aanguke mahali pasipo mtu. Mashindano ya farasi yaliyozaa mchezo huu yalikuwa na busara kuliko karatasi yetu: farasi hukaguliwa kituoni, na mganga ana mamlaka ya kumzuia, wala hakuna amdharauye farasi.

Unyambuaji wetu unaweza kutofautisha kwa urahisi. Aliyeamua mwenyewe amejiondoa. Aliyezuiwa na daktari au msimamizi ameondolewa. Aliyechelewa amepitwa na ukomo. Hizo ni habari tatu tofauti kwa wanaotafuta watu mlimani usiku, maana ya mwisho humtaka mtu apelekewe gari, na ya pili yaweza kumtaka apelekewe machela.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunaweka mbele ya Baraza na wasomaji istilahi zifuatazo ili zijadiliwe:

Ultramarathoni: mbio zozote zinazozidi kilomita 42.195.
Mbio za vijia: mbio zinazopita hasa katika njia za miguu, lami ikiwa kidogo kabisa.
Jumla ya kupanda: hesabu ya vipande vyote vya kupanda katika njia nzima.
Ukomo: wakati ambao baada yake mkimbiaji haruhusiwi kuendelea.
Kituo cha masurufu: mahali pa chakula, maji na kuandikishwa.
Kituo cha tiba: kituo chenye daktari au muuguzi.
Msindikizaji: anayefuatana na mkimbiaji sehemu ya njia bila kushindana.
Vifaa vya lazima: vitu ambavyo asiyekuwa navyo haanzi.
Kuishiwa joto, kuishiwa maji, kuishiwa nguvu: hali za kupungukiwa.
Kuzidiwa na joto, kuzidiwa na maji: hali za kuzidi.
Kujiondoa, kuondolewa, kupitwa na ukomo: namna tatu za kutofika mwisho.

Tamati

Watakuwapo watakaosema kuwa juhudi hii ni ya bure, kwa sababu wakimbiaji wanayajua maneno ya Kiingereza na wameridhika nayo. Hatuna ugomvi na wakimbiaji. Lakini katika mkasa wa Gansu, watu sita waliokolewa na mchungaji wa kondoo aliyekuwa amejikinga pangoni. Aliwaingiza ndani, akawawashia moto. Hakuwa ameandikishwa katika mashindano, wala hakuwa amepewa karatasi ya masharti. Katika milima yetu pia, wa kwanza kumfikia mkimbiaji aliyeanguka huenda akawa mkata majani, mchunga mbuzi au mpagazi anayeshuka na mzigo wake. Istilahi zetu na zitungwe kwa kumfikiria huyo kwanza.

Hatudai kuwa mapendekezo haya hayana kasoro. Kijia chaweza kuwa na jina bora zaidi katika lahaja fulani, na wauguzi huenda wakawa na maneno ya wodini ambayo hayajatufikia. Tunawaomba wenye ujuzi, hasa waongoza njia wa Kilimanjaro, Meru na Kenya, watuletee maoni yao ili mjadala huu uendelee katika matoleo yajayo.